Ofisi Isiyotajwa

Saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, Nambua alijifungia masjala akawasha kompyuta. Alikuwa karani wa halmashauri, mwenye miaka arobaini na sita, na saa hiyo alikuwa na mtihani wa mdomo, wa mwisho wa shahada ya utawala wa umma aliyokuwa akiisomea mtandaoni.

"Bi Nambua, umeandika kuhusu ofisi inayoficha barua za watu waliopokonywa viwanja," mtahini alisema kwenye skrini. "Lakini hukuitaja. Ni ofisi gani?"

Barua zenyewe zilikuwa kabatini, nyuma ya kiti cha Nambua. Aliyeamuru zifichwe alikuwa mkurugenzi wake.

Mara kitasa kikazungushwa. "Nani amejifungia humo?" Ilikuwa sauti ya mkurugenzi.

Angeweza kuzima kompyuta, afungue, aseme alikuwa anatafuta faili.

"Bi Nambua, unanisikia?" mtahini aliuliza.

"Nakusikia, Dokta." Akaitaja ofisi yao kwa jina lake kamili, tena kwa nguvu.

Kitasa kikatulia. Kwenye upenyo chini ya mlango, vivuli vya viatu viwili vilibaki palepale.