Mfuko wa Unga

"Hakuna mtu wa hivyo," mhariri alisema kwenye simu. "Kurasa mia mbili za katuni za manga, na huyu shujaa wako hajanuna hata siku moja! Kila mtu amemuumiza, bado anawabeba. Wasomaji watamchoka. Mimi mwenyewe nimeshamchoka."

Mchoraji aliegemea ukuta wa jikoni. Alibisha, akabembeleza, mwisho akasalimu amri. "Sawa," akasema. "Nitambadilisha."

Akarudi chumbani akiburuta miguu.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimwigizia shujaa ili amchore, alikuwa bado amesimama pale pale alipomwacha, amebeba mfuko wa unga mikononi kama anayeokoa majeruhi. Simu ilikuwa imechukua zaidi ya nusu saa.

"Dada! Si ungeuweka chini?"

"Hukuniambia umemaliza."

Mkono wake wa kushoto ulitetemeka kuanzia kiwiko. Vidole vilikuwa vimepauka, na unga uliovuja kwenye mshono ulikuwa umemwagikia mguuni. Hakuwa amenuna. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa miaka mingi, ambao mdogo wake hakuwahi kuuchora kwa kuwa hakuwahi kuutazama.

Mchoraji alinyoosha mikono aupokee mfuko. Kabla haijafika, mmoja ukageukia penseli.

"Dakika moja tu, dada."

"We chora," dada akasema, akakibana kiwiko ubavuni kisitetemeke. "Nisije nikakuharibia picha."