Presha ya Macho

Saa moja asubuhi Bi Mwanakombo alikiinua kichupa cha dawa ya macho ya mumewe, akakikuta kimejaa vilevile.

"Baba Sifa, dawa umeiacha lini?"

"Tangu zahanati waliponipima wakasema presha iko sawa."

"Walikupima mkono! Hii ni ya macho."

Mumewe, Makungu, alicheka. "Kwani mtu mmoja ana presha ngapi? Hebu niletee chai."

Chai ilikuwa mezani, kando ya kiwiko chake cha kulia, ikifuka mvuke. Mkewe alikisogeza kikombe taratibu kuelekea usoni pake. Kilipokaribia pua, Makungu alishtuka; ndipo alipokiona.

Daktari aliyempa dawa alikuwa amewaambia kwamba presha ya macho hula uoni kuanzia pembeni, na uoni ukipotea haurudi.

Makungu aliinua uso, akavuta kope ya chini. Mkewe alikifungua kichupa, akakiminya; tone la kwanza likadondokea shavuni.