Kumi na Tano kwa Mia

Zamda alimkuta fundi wa barabara juu ya mteremko, analipaka rangi upya lile bango la kilima. Akasimamisha baiskeli ya marehemu mumewe, gunia la mkaa likiwa nyuma.

"Hiyo asilimia kumi na tano maana yake nini, kaka?"

Fundi akaushika ubao mrefu, akausawazisha kwa pimamaji, ncha moja ikigusa lami. Ncha ya pili ikabaki inaelea.

"Unaliona hilo pengo? Ukienda mbele mita mia, dada, umeshuka mita kumi na tano. Ni mkali sana huo. Mwenye mzigo anakokota baiskeli, hapandi."

Zamda akalitazama pengo. Mumewe Shomari hakujua kusoma. Yeye ndiye aliyemsomea bango siku ile, akamtania: "Kumi na tano kwa mia? Basi kilima hiki kimefeli mtihani." Shomari akacheka, akapanda baiskeli na mzigo wake. Hakufika chini mzima.

"Kwani wewe ulidhani nini?" fundi akauliza.

"Sikudhani kitu."

Akabana breki zote mbili, akaanza kuteremka kwa miguu. Baiskeli ikawa inamvuta.