Kila Mbio Kulia
Nilimrushia Lavonte chupa ya maji, ikampiga begani na kuanguka. Hakuinua hata mkono.

Lavonte ndiye mkimbiaji wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, anayepewa mpira mkononi apenye nao kati ya wapinzani. Akipelekwa kushoto, anaangushwa. Akienda kulia, hakamatiki. Basi mimi, kocha wake, nilifuta mbio zote za kushoto, nikawafundisha vijana wa mbele kumfungulia njia kulia. Tukashinda mechi sita, na mji wetu mdogo wa Texas ukaniita mtaalamu.

Chupa ilitokea kushoto.

"We, hukuiona?"

"Nilikuwa nawaza tu, Kocha."

Nikainua vidole viwili kando ya sikio lake la kushoto. "Vingapi?"

Alitaka kugeuka, nikamshika kidevu. Kilikuwa na jasho na vindevu vichache vya ujana.

"Vitatu," akasema. Kisha akasema, "Viwili. Kocha, usinifanyie hivi. Kesho watu wa chuo wanakuja kuniangalia nikicheza, labda wanisomeshe bure. Mama ameshaomba ruhusa kazini."

"Jicho hili halioni tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, nilipogongwa kichwani uwanjani." Akanikazia jicho la kulia. "Si unajua? Si ndiyo maana ulibadilisha mbio?"

Nilianza kujiuliza kama kweli sikujua.

Wenzake walikuwa wameshajipanga, wakinisubiri.

Nikapuliza filimbi. "Vueni helmeti, leo hatuchezi tena," nikawaambia wote, kwa sababu sikuthubutu kumwambia yeye peke yake.