Kiti cha Marehemu

“Inuka kwenye hicho kiti, mzee.”

Mtunzaji hakuinuka. Shali ya marehemu ilikuwa mapajani mwake, naye alikuwa akiikung'uta vumbi polepole, pindo kwa pindo.

Mkurugenzi wa makumbusho alisimama mlangoni na suti yake, wageni nyuma yake. Katika nyumba ile, makumbusho ya mwandishi aliyekufa, alikuwa hafiki ila siku ya kupigwa picha. Wakubwa ndivyo walivyo: harufu ya mgeni mwenye cheo wanaisikia, ya paa linalooza hawaisikii.

“Vitabu vyote viliandikiwa kwenye kiti hiki,” aliwaambia wageni. “Na huyu anakikalia kama benchi la stendi.”

Wageni wakacheka.

“Mchwa, bosi,” mtunzaji alisema. “Wamemaliza dari, wamemaliza rafu, sasa wako kwenye fremu hiyo uliyoiegemea. Miaka yote naomba dawa.”

Mkurugenzi akajitoa mlangoni, akajipangusa bega.

“Dawa ya nini? Kitanda kizima, kiti kizima, shali haina hata tundu. Mchwa wako wanachagua?”

“Uliniletea bango la ‘Usiguse’. Mchwa hawajui kusoma. Mimi mwenyewe nasoma kwa kubahatisha.”

“Ndiyo maana hujui thamani ya vitu.”

“Marehemu alikuwa akikaa hivi, kiubavu,” mzee alisema, kama hakusikia. “Mgongo ulikuwa unamsumbua.”

“Wewe ulimjulia wapi marehemu?”

“Kuliko wewe, namjua.”

Wageni sasa walikuwa wanatazama viatu vyao. Mkurugenzi akashusha sauti, na hapo ndipo alipokuwa mbaya zaidi.

“Kazi huna. Chukua kilicho chako utoke. Utakachoacha nakichoma moto.”

Mtunzaji alikunja shali, akaenda kuita mkokoteni.

Alipakia kiti. Akapakia kitanda, meza, zulia, pazia la dirishani. Mkurugenzi akaita mlinzi, mlinzi akakamata mkokoteni. Mzee alitoa mfukoni picha ya harusi yake, akampa aitazame: bibi harusi ameketi kiubavu kwenye kiti kile kile, shali ile ile mabegani.

Mlinzi akaachia mkokoteni.

Mali ya mwandishi ilibaki chumbani, yote iliyowashinda mchwa: miwani moja, ya chuma.