Hayupo

Shule ya mwanangu ina wastani wa mia kwa mia mwaka wa nne sasa, na siri yake ni ya kijinga mno: mtoto anayeshusha wastani huandikwa "hayupo", na mwalimu haruhusiwi tena kumwona, hata akigongana naye njiani.

Mtambo wa mtihani wa taifa ulimuuliza Sikudhani wangu: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe nini?" Akajibu, "Chai." Walitaka jembe. Adabu niliyomfunza mwenyewe ndiyo iliyomfuta.

Jana asubuhi Mwalimu Mkuu Kihwelo alikuja, nishani ya ufaulu kifuani, ili niweke dole gumba kwenye fomu, kukubali kwamba mtoto hayupo.

"Shikamoo, mwalimu," Sikudhani alimwamkia. Hakuitikia, alitazama ukuta. Lakini chai aliyomwekea mezani aliinywa mpaka tone la mwisho, mtu mzima hovyo.

"Chai tamu, Mama... Mama," alisema, akimeza jina la mtoto. "Nani kaipika?"

"Hayupo," nilimjibu kwa kebehi.

Akashusha pumzi. "Ahsante kwa kuelewa."

Mchana Sikudhani aliandaa chakula. Aliweka sahani mbili, yangu na ya baba yake.