Nani Kamshinda Mwenzake?

Kwa miaka ishirini Bi Zuwena ndiye aliyepiga msasa misumari ya maabara ya shule, maana msumari wenye mafuta haugeuki rangi ndani ya maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba.

Asubuhi hiyo mwalimu mpya akamwambia, "Mama, kesho usije. Kazi yako hata mtoto anaiweza."

"Haya, mwanangu," akajibu, kisha akaipaka misumari yote mafuta ya nazi.

Wanafunzi wakaitumbukiza kwenye maji ya buluu, wakangoja chuma kiishinde shaba, kiitoe majini na kuivaa mwilini, kama kilivyofanya miaka yote. Wapi.

"Mwalimu, mbona haibadiliki?"

Mwalimu akafuta jasho. Dirishani, Bi Zuwena akachekea kwenye kanga, mpaka alipomwona Salha, mjukuu wake, kwenye dawati la karibu, ameinamia daftari, akiandika kwa mwandiko wake mzuri: Shaba imekishinda chuma.